Yai, Habari na Chanjo ya Homa ya Mafua

Kila mwaka, katika mwezi wa Februari, wataalamu wachache kutoka maabara za nchi mbalimbali hukutana chini ya usimamizi wa Shirika la Afya Duniani, wakakaa siku kadhaa mbele ya majedwali, ramani na nasaba za virusi, hata wakatoa hukumu moja: chanjo ya homa ya mafua itakayodungwa mikononi mwa watu wa kizio cha kaskazini katika msimu wa baridi ujao iwe na virusi gani ndani yake, na ile ya mwaka uliopita ibaki kama ilivyo au ibadilishwe. Mwezi wa Septemba hukutana tena kwa ajili ya kizio cha kusini. Hukumu hiyo hutolewa miezi mingi kabla ya ugonjwa wenyewe kushika kasi, wakati ambapo hapana mwanadamu awezaye kujua kwa yakini kirusi kitakuja na sura gani. Hali yao ni ya fundi cherehani aliyeagizwa kukata kanzu ya Idi ya mtoto anayekua, naye hana mkononi ila vipimo vya mtoto huyo vya mwaka jana.

Msomaji ataona ajabu kwamba watu wenye maarifa makubwa hivyo huhukumu mapema badala ya kungoja mpaka kirusi kijidhihirishe. Sababu yake ni yai la kuku. Tangu miaka ya 1940 hata leo sehemu kubwa ya chanjo ya mafua hukuzwa katika mayai yenye viinitete, yaliyoatamiwa siku 10 au 11: ganda hutobolewa tundu dogo, kirusi kikatiwa ndani, tundu likazibwa, yai likarejeshwa kwenye joto kwa siku mbili tatu, kisha likapozwa, na maji yaliyokizunguka kiinitete yakafyonzwa na kusafishwa, na kirusi kilichomo kikauawa kwa dawa. Kwa makisio ya kawaida yai moja halitoi zaidi ya dozi moja hivi ya aina moja ya kirusi. Na maadamu dozi zinazotakiwa duniani ni mamia ya milioni, kuku wa kutaga hawana budi kuandaliwa mapema, na kazi yote huchukua takriban miezi 6. Kwa hiyo siku ya uamuzi haikuwekwa na kirusi, wala haikuwekwa na matabibu. Imewekwa na yai. Rai yangu ni kwamba uamuzi huu, tangu ulipoanza, umetawaliwa na saa mbili: saa ya yai, ambayo wataalamu wameishughulikia kwa bidii ya kusifiwa, na saa ya habari, yaani muda upitao baina ya mgonjwa kukohoa katika mji wa mbali na mwenye mamlaka kupata habari zake, ambayo hata sasa haijapewa haki yake.

Homa ile kubwa ya 1918, iliyofika pwani yetu na bara yake mwishoni mwa mwaka ule, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokuwa vikikoma, iliua mamilioni ya watu duniani bila ya waganga kumjua muuaji. Wengi walishika dhana ya tabibu wa Kijerumani, Richard Pfeiffer, kwamba ni bakteria aliyoitambua yeye mnamo 1892. Ilipofika 1933 ndipo Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba huko London, walipochukua maji yaliyosukutuliwa na wagonjwa, wakayachuja hata bakteria zote zikabaki katika chujio, wakayatia puani mwa fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, naye akashikwa na homa. Mwaka 1936 fereti mgonjwa alimpigia chafya usoni mtafiti kijana, Charles Stuart-Harris. Akaugua, na kirusi kikatolewa kooni mwake. Karibu na wakati huohuo Macfarlane Burnet wa Australia alionyesha ya kwamba kirusi hicho hustawi katika yai la kuku, na njia ya chanjo ikafunguka.

Lakini kutengeneza chanjo ni jambo moja, na kujua kama imezeeka ni jambo jingine, na kwa hili la pili deni kubwa ni la George Hirst, ambaye mnamo 1941 aliona kwamba kirusi cha mafua kikichanganywa na damu ya kuku huzishikamanisha chembe nyekundu za damu. Kutokana na hilo kilizaliwa kipimo ambacho hata leo ni mhimili wa kikao cha Februari. Mtu wa maabara huchukua kibao chenye safu za vishimo vidogo, akatia seramu ya fereti aliyeambukizwa kirusi cha chanjo ya zamani, akiizimua kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo. Akaongeza kirusi kipya kilicholetwa kutoka kwa wagonjwa. Mwisho akatia chembe za damu, akangoja. Kingamwili za seramu zikikitambua kirusi na kukifunga, chembe huteremka chini zikakusanyika kuwa nukta moja nyekundu kama kifungo. Zikishindwa kukitambua, kirusi huzishika chembe, nazo hutandaa kishimo kizima kama utando mwepesi. Msomaji wa kibao huhesabu nukta zinakomea kishimo cha ngapi. Tofauti ya hatua moja haimshughulishi mtu. Hatua tatu, yaani mara 8, ni dalili kwamba kirusi kimeipa chanjo kisogo.

Ila wakati wa Hirst hapana aliyejua bado kwamba kipimo hicho kingehitajiwa kila mwaka. Thomas Francis wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliyeongoza tume ya mafua ya jeshi la Marekani, pamoja na msaidizi wake Jonas Salk, ambaye dunia ingemjua baadaye kwa chanjo ya kupooza, waliijaribu chanjo yao mwishoni mwa 1943 kwa vijana wa mafunzo ya jeshi zaidi ya 12,000, nusu wakidungwa chanjo na nusu maji matupu. Waliochanjwa waliugua kama 2 katika kila 100, na wasiochanjwa kama 7. Furaha ilikuwa kubwa, na ilikuwa ya haki. Kirusi kikuu cha chanjo ile kiliitwa PR8, nacho Francis mwenyewe alikuwa amekipata kwa mgonjwa wa Puerto Rico mnamo 1934. Na kwa kuwa kilikuwa kimefanya kazi miaka tisa baada ya kupatikana, ilionekana kwamba kitafanya kazi daima.

Kisha ukaja mwaka 1947. Chuoni Michigan wanafunzi na wafanyakazi zaidi ya 10,000 walikuwa wamechanjwa, na wengine zaidi ya 7,000 hawakuchanjwa. Homa ilipopita, asilimia 7.19 ya waliochanjwa walikuwa wameugua, na asilimia 8.09 ya wasiochanjwa. Tofauti hiyo ni kama hakuna. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angesema chanjo iliharibika kiwandani, lakini Francis na wenzake waliipima damu ya waliochanjwa wakakuta kingamwili tele dhidi ya PR8. Walipozikutanisha kingamwili hizo na kirusi kipya, hazikukitambua. Silaha zilikuwamo mwilini, ila adui alikuwa amebadilika sura. Mimi huuhesabu mwaka huo, kushinda hata 1933, kuwa mwaka ambao elimu ya chanjo ya mafua ilizaliwa hasa, kwa sababu ndipo ilipofahamika kwamba chanjo hii ina umri, na kwamba lazima awepo mtu mahali fulani ambaye kazi yake ni kutazama mabadiliko na kusema: sasa.

Mtu huyo hakuweza kuwa wa nchi moja. Katika mwaka huohuo wa 1947, Shirika la Afya Duniani lingali katika tumbo la tume ya muda, iliamuliwa kuanzisha Kituo cha Dunia cha Mafua katika taasisi ileile ya London, chini ya Andrewes, ili maabara za mataifa zipeleke huko virusi vyao vikalinganishwe. Alick Isaacs, ambaye mnamo 1957 pamoja na Jean Lindenmann aligundua intaferoni, aliifanya kazi hiyo ya subira kwa miaka kadhaa. Mnamo 1952 mtandao wenyewe ulikuwa umesimama: vituo katika nchi 25 hivi, vikipokezana virusi bila ya malipo, kwa mapatano ambayo nguvu yake haikuwa sheria bali kuaminiana. Jambo la namna hiyo, lililoanzishwa katika miaka ambayo mataifa makubwa yalikuwa yakitazamana kwa uadui, lastahili heshima kuliko linavyopewa.

Hata hivyo mtandao ulikuwa na tundu, na tundu lenyewe lilikuwa pana kama Uchina. Serikali ya Beijing haikuwamo katika Shirika la Afya Duniani, wala haikuingizwa mpaka 1972. Kwa hiyo homa mpya ilipozuka kusini mwa nchi ile mapema mwaka 1957, vituo vya mtandao havikuwa na habari. Aliyeistukia huko Marekani alikuwa Maurice Hilleman, mtaalamu wa Taasisi ya Walter Reed ya jeshi, naye alipata fununu yake katika gazeti. Tarehe 17 Aprili 1957 alisoma katika New York Times kwamba huko Hong Kong wagonjwa maelfu walikuwa wamejipanga mbele ya zahanati, na akina mama wamewabeba migongoni watoto ambao macho yao yamelegea kwa homa. Akaelewa papo hapo maana ya habari ile. Aliandika kwa maabara ya jeshi huko Japani, akaletewa mwezi wa Mei maji ya koo la baharia mgonjwa, akakikuza kirusi na kukikutanisha na seramu za watu wengi. Hapana iliyokitambua, ila za wazee wachache sana, walioishi wakati wa homa ya dunia ya 1889 na 1890.

Hapo Hilleman alifanya lile ambalo watu wa ofisi nyingi huliogopa: alitamka, kabla ya kirusi kuonekana kikisambaa nchini mwake, kwamba kitafika msimu wa shule utakapofunguliwa. Akakipeleka moja kwa moja kwa watengenezaji wa chanjo, akawasihi wawaambie wafugaji wasiwachinje majogoo wao mwisho wa msimu kama ilivyokuwa desturi, kwani pasipo majogoo hapana mayai yenye viinitete, na pasipo mayai hayo hapana chanjo. Homa ilifika kama alivyosema, na dozi kama milioni 40 zikawa zimetengenezwa kabla mwaka haujaisha. Watu zaidi ya milioni moja walikufa duniani katika homa ile. Wangapi waliokolewa na majogoo wa Marekani hapana ajuaye kwa hesabu kamili, ila kwamba si wachache. Lakini nikiyatafakari masimulizi haya ambayo kwa kawaida husimuliwa kwa kumsifu shujaa mmoja, naye anastahili, mimi huona pia aibu iliyomo: kwamba ulimwengu uliokuwa na mtandao wa vituo ulimtegemea mwandishi wa habari, kwa kuwa siasa ilikuwa imeiziba njia ya daktari kumwandikia daktari.

Mwaka 1968 homa nyingine ilitoka Hong Kong, na safari hii yai lilishindwa mbio: sehemu kubwa ya dozi za Marekani ilitoka kiwandani wimbi lilipokwisha kufika kileleni. Kirusi cha mwaka ule, H3N2, wazao wake tungali nao. Ni katika miaka hiyo Edwin Kilbourne wa New York alipopata njia ya kukiozesha kirusi kipya, kisichopenda kukua katika yai, na PR8 ile ya 1934, ili mzao awe na sura ya mgeni na wepesi wa kustawi wa mwenyeji. Hivyo kirusi kilichoshindwa mwaka 1947 kikarudi kazini, na hata leo hukuza chanjo ya watu ambao babu zao hawakuwa wamezaliwa kilipotolewa Puerto Rico. Tangu 1973 Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa mapendekezo rasmi kila mwaka, na tangu 1998 mara mbili kwa mwaka.

Sasa yafaa nikae kidogo juu ya kadhia ya 1976, kwa kuwa ndiyo ambayo wapinzani wa hatua za mapema huitaja kila mara, na mara nyingi huitaja vibaya. Mwanzoni mwa mwaka ule kirusi cha jamii ya mafua ya nguruwe, kinachofanana na kile kilichodhaniwa kuwa cha 1918, kilipatikana kwa askari wa kambi ya Fort Dix huko New Jersey, na mmoja wao akafa. Tarehe 24 Machi Rais Gerald Ford, baada ya kushauriana na Salk na Albert Sabin miongoni mwa wengine, alitangaza kwamba kila Mmarekani atachanjwa. Kazi ya kudunga ilianza tarehe 1 Oktoba, ilhali kirusi chenyewe kilikuwa hakijaonekana kikienea nje ya kambi ile. Zaidi ya watu milioni 40 walichanjwa. Baadhi yao walipatwa na ugonjwa wa kupooza uitwao Guillain-Barré, kama mtu mmoja wa ziada katika kila 100,000. Na tarehe 16 Desemba mpango ukasimamishwa. Homa haikuja.

Je, Ford alikosea kuagiza chanjo mwezi wa Machi? Mimi nasema hakukosea, na wenye kumlaumu kwa hilo wanaidhulumu haki. Laiti kirusi kile kingeenea, mwezi wa Machi ulikuwa ndio mwezi wa mwisho wa kuliwahi yai. Kosa, kama walivyobainisha Richard Neustadt na Harvey Fineberg katika taarifa yao ya 1978, lilikuwa kufunga pamoja mambo mawili yaliyofaa kutengana: kutengeneza chanjo na kuidunga. Kutengeneza kulihitaji haraka. Kudunga kungeweza kungoja, dozi zikiwa ghalani, mpaka ushahidi uletwe wa kirusi kutoka kambini. Angalau pangewekwa tangu mwanzo siku ya kulitazama upya jambo lote. Hapana aliyeiweka siku hiyo.

Yai halikuishia kuchelewesha tu; wakati mwingine lilikataa kabisa. Mapema mwaka 2003 wataalamu walikuwa wamekwisha kuiona aina mpya ya H3N2, iliyopewa jina la jimbo la Fujian huko Uchina, na kipimo cha Hirst kilionyesha bayana kwamba chanjo iliyokuwapo ilikuwa imepitwa. Walijua, nao walikuwa na muda. Walichokosa ni kirusi cha Fujian kilichokubali kukua katika yai kwa namna ya kufaa chanjo. Na kwa kukosa hicho, chanjo ya msimu ule ikabaki na aina ya zamani. Msimu ukawa mkali, na huko Marekani peke yake vifo 153 vya watoto viliandikwa. Sijui katika mambo yote ya elimu hii tukio lenye uchungu zaidi ya hilo, kwamba jibu lilijulikana kwa wakati wake na halikuweza kutumiwa kwa sababu ya maumbile ya ganda na maji yaliyomo ndani.

Watu wengi walitumaini kwamba siku yai litakapoondolewa, shida ya wakati itaondoka nalo. Homa ya korona ilituonyesha sivyo. Chanjo zake za RNA hazihitaji kuku, na huweza kugeuzwa katika majuma machache. Mwezi wa Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waliitangazia dunia aina iliyoitwa Omikroni; lakini chanjo ya kwanza yenye sehemu ya Omikroni iliidhinishwa Uingereza mwezi wa Agosti 2022, miezi tisa baadaye, na kwa siku hiyo tawi la Omikroni lililomo ndani yake, BA.1, lilikuwa limekwisha kusukumwa kando na tawi jingine, BA.5. Miezi hiyo ililiwa na majaribio, mashauri na shaka za wenye kuidhinisha, ambazo si zote zilikuwa za bure. Na waliotoa habari mapema walilipwa nini? Safari za ndege kutoka kusini mwa Afrika zilifungwa na nchi nyingi ndani ya siku chache, kana kwamba kuona kwanza ni sawa na kuleta.

Somo hilo Indonesia ilikuwa imelitamka wazi zamani kidogo. Mafua ya ndege, H5N1, yalipokuwa yakiua watu nchini humo, vielelezo vya wagonjwa vilipelekwa katika maabara za mtandao kama ilivyo desturi, kisha serikali ikafahamu kwamba chanjo zilikuwa zikitayarishwa ng'ambo kutokana na virusi hivyo, chanjo ambazo Waindonesia wasingeweza kuzinunua. Mnamo 2007 waziri wa afya, Siti Fadilah Supari, akazuia vielelezo. Wengi walimshutumu, na kwa kweli kuifumba dunia macho mbele ya ugonjwa ni hatari kubwa. Lakini hoja yake ilikuwa ya haki, na miaka minne ya mabishano ilizaa, mwezi wa Mei 2011, mapatano ambayo kwayo watengenezaji wa chanjo hutoa mchango wa fedha kila mwaka na kuahidi sehemu ya dozi zao wakati wa homa ya dunia. Mapatano hayo yanavihusu virusi vinavyoweza kuleta homa ya dunia tu. Mafua ya kila mwaka hayamo.

Na hapo ndipo habari hizi zinapotugusa sisi. Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya homa ya manjano, ni mojawapo ya vituo vya mtandao. Vijiti vya pamba vilivyopitishwa katika pua na koo za wagonjwa wa Uganda huchunguzwa huko, na baadhi ya virusi hupelekwa katika maabara kuu, kama ile ya London ambayo sasa imo katika Taasisi ya Francis Crick, vikawa sehemu ya hesabu ya Februari na ya Septemba. Chanjo itokanayo na hesabu hiyo kwa wananchi wengi wa Afrika Mashariki ni kitu cha kusikia tu. Tena kalenda yenyewe haikukatwa kwa kipimo chetu: vikao viwili vimewekwa kwa kufuata baridi ya kaskazini na baridi ya kusini, ilhali karibu na Ikweta mafua huonekana karibu mwaka mzima, yakipanda na kushuka kwa namna isiyofuata kaskazini wala kusini. Nchi ya huku itakayotaka kuwachanja wajawazito wake, wazee wake na watoto wake wadogo italazimika kwanza kuamua inunue chanjo ya kikao kipi, na iidunge mwezi gani. Na swali hilo halijibiwi London wala Geneva, bali katika zahanati za Uganda, Kenya na Tanzania, kwa vijiti vya pamba vinavyokusanywa juma kwa juma, miaka mingi, na wauguzi ambao mishahara yao na petroli ya pikipiki ya kupelekea vielelezo ni sehemu ya chanjo sawasawa na yai.